Sura ya Sita: Wakati wa Kubadilisha Valvu za Redio na Amplifaya

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, ambamo mkondo wa umeme hupita katika utupu badala ya kupita ndani ya waya, na katika miongo ya mwanzo ya utangazaji duniani karibu kila sauti iliyotoka kwenye redio, radiogramu au kipaza sauti ilipitia katika chupa za aina hiyo kabla ya kumfikia msikilizaji. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwishoni mwa 1947, ilizifukuza valvu kutoka katika vifaa vingi vya nyumbani, lakini haikuzimaliza. Redio za zamani bado zinatunzwa kama urithi wa familia, na amplifaya za valvu bado zinatengenezwa na kununuliwa na wapenzi wa muziki wanaoithamini sauti yake. Mwenye kifaa cha namna hiyo katika mji wa Voi, au kwingineko katika Kaunti ya Taita Taveta, hukabiliwa na swali moja lisilokwisha: ni lini valvu zibadilishwe?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa valvu haipatikani katika duka la vifaa vya umeme la kawaida, huagizwa kutoka mbali kwa gharama kubwa, na aina nyingi zilizotumika katika redio za miaka ya 1950 hazitengenezwi tena popote. Anayebadilisha mapema mno hutupa mali ambayo huenda asiipate tena, na anayechelewa mno huweza kuiacha valvu iliyoharibika iunguze transfoma, yaani kifaa kinachopandisha au kushusha volti za umeme, ambacho ni adimu kuliko valvu yenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba valvu hubadilishwa kwa ushahidi, si kwa umri wala kwa kushuku tu, na kwamba ushahidi huo unaweza kukusanywa kwa macho, kwa masikio na kwa mita ya kawaida ya kupimia umeme.

Valvu katika historia ya usikilizaji

Msingi wa valvu uliwekwa na mhandisi Mwingereza John Ambrose Fleming, ambaye mwaka 1904 alitengeneza valvu yenye sehemu mbili tu, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza sehemu ya tatu iliyoiwezesha valvu kukuza ishara dhaifu. Nchini Kenya utangazaji ulianza mwaka 1928, na kwa miaka mingi ya mwanzo uliwalenga hasa walowezi waliozungumza Kiingereza, hadi Vita Kuu ya Pili vilipoleta vipindi vya Kiswahili na vya lugha nyingine za Waafrika. Katika miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilitangaza kutoka Mombasa, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwezi Juni 1957, na mwaka 1964, baada ya uhuru, shirika la taifa likaitwa Sauti ya Kenya. Redio zilizokuwa sokoni katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, ziwe Philips ya Uholanzi, Pye na Bush za Uingereza, au Grundig na Telefunken za Ujerumani, zilikuwa redio za valvu.

Redio hizo zilikuwa za makundi mawili, na tofauti yake ina maana hadi leo kwa anayetaka kuzitengeneza. Kundi la kwanza lilitumia umeme wa majumbani, na kundi la pili lilitumia betri kavu, kwa ajili ya nyumba ambazo hazikufikiwa na nyaya za umeme. Mfano maarufu wa kundi la pili ni redio iliyobuniwa mwaka 1949 kwa ajili ya Rodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Ilifungwa ndani ya umbo la sufuria, ikawa na valvu nne, na betri yake ilikusudiwa kudumu takriban saa 300. Valvu za betri, kama vile DK96 na DL96, zina uzi mwembamba unaotumia volti 1.4 na mkondo mdogo tu, na kwa sababu hiyo mwanga wake hauonekani kwa urahisi. Anayeifungua redio ya betri na kukuta valvu zote zina giza hana haki ya kuhukumu kwamba zimekufa, kwa kuwa giza hilo ndilo hali yake ya kawaida.

Jinsi valvu inavyofanya kazi na inavyochakaa

Kuchakaa kwa valvu hakuwezi kueleweka bila kwanza kueleweka kazi ya sehemu zake. Katikati ya chupa mna uzi unaopashwa joto na umeme, na uzi huo huupasha joto mrija mdogo wa metali unaoitwa kathodi, ambao umepakwa tabaka la oksidi za bariamu na stronshiamu. Tabaka hilo likifika joto la nyuzi zipatazo 700 hadi 800 za Selsiasi, elektroni huchomoka kutoka juu yake na kuvutwa na bamba la nje linaloitwa anodi, lenye volti chanya ambazo katika redio ya nyumbani hufika 250 au zaidi. Kati ya kathodi na anodi kuna waya uliozungushwa unaoitwa gridi, na mabadiliko madogo ya volti juu ya gridi huongeza au kupunguza mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi. Huko ndiko kukuza sauti kunakofanyika.

Valvu huchakaa hasa kwa sababu tabaka la oksidi hupungua uwezo wake wa kutoa elektroni kadiri saa za kazi zinavyoongezeka. Ufifiaji huo huja polepole, kiasi kwamba sikio la mwenye redio huuzoea na kudhani kwamba sauti haijabadilika. Njia nyingine za kufa ni za ghafla: uzi hukatika, hewa huingia kupitia ufa wa kioo au penye pini, sehemu mbili hugusana, au kihami kinachotenganisha uzi na kathodi hupoteza nguvu yake. Njia hizi za ghafla hujitangaza zenyewe, na ndiyo maana ugumu wa kuamua umo zaidi katika valvu inayofifia kuliko katika iliyokufa.

Saa za kazi, na mipaka ya hesabu hiyo

Umri wa valvu huhesabiwa kwa saa za kuwaka, si kwa miaka ya kukaa kabatini, kwani valvu iliyofungwa vizuri huweza kukaa miongo mingi ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Valvu ndogo za kukuza ishara, kama ECC83, hazitoi nguvu nyingi na mara nyingi huvuka saa 10,000, ilhali valvu za mwisho zinazoendesha spika, kama EL84 na EL34, hufanya kazi karibu na kikomo chake na huhitaji kuchunguzwa baada ya saa elfu chache. Redio inayowashwa saa tatu kila siku hutimiza saa 1,095 kwa mwaka, kwa hiyo saa 5,000 ni sawa na miaka minne na nusu hivi ya usikilizaji wa kawaida.

Hata hivyo hesabu hiyo ni ratiba ya ukaguzi, wala si hukumu ya kubadilisha. Valvu mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja huweza kutofautiana sana kwa sababu moja ilifanya kazi kwenye volti sahihi na nyingine ilichomwa na volti zilizozidi. Wauzaji wa valvu wamezoea kumhimiza mteja abadilishe seti nzima kila baada ya mwaka mmoja au miwili, lakini ushauri huo unamfaa muuzaji kuliko mwenye redio, na katika mahali kama Taita Taveta, ambako valvu mpya husafiri mbali kabla ya kufika, kuufuata ni kupoteza fedha na pengine kupoteza ubora. Valvu za asili za Mullard, Philips au Telefunken zilizomo katika redio nyingi za zamani zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na mtu aliyezitoa zikiwa nzima ili kuweka mpya asizozijua amekiuka methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao.

Mazingira ya Taita Taveta

Mazingira ya mahali huweza kurefusha au kufupisha maisha ya valvu. Voi upo katika nyanda za joto na ukavu chini ya kilima cha Sagalla, kando ya reli na barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, na udongo wake mwekundu hupeperushwa na upepo hadi ndani ya nyumba. Vumbi hilo huingia kwenye matundu ya nyuma ya redio, hutanda juu ya valvu na transfoma na kuzuia joto kutoka, kisha hujipenyeza kwenye soketi za valvu na kwenye swichi ya kubadilishia mawimbi. Hali ni tofauti Wundanyi na vijiji vingine vya Milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria hufika mita 2,208 na ukungu ni jambo la kawaida: huko adui si vumbi bali unyevu, unaotia kutu pini na kuharibu kapasita za karatasi, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme. Taveta, iliyo mpakani na Tanzania chini ya Kilimanjaro, ina joto kama la Voi. Fundi mwenye busara huuliza kwanza redio imetoka upande gani wa kaunti kabla hajaifungua.

Jambo kubwa kuliko yote ni umeme wenyewe. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, lakini redio nyingi zilizotoka Ulaya zina kitufe au plagi ndogo nyuma yake ya kuchagua volti, na mara nyingi plagi hiyo imeachwa kwenye 220. Kosa hilo huonekana dogo, lakini hesabu yake ni nzito: uzi unaostahili volti 6.3 hupata takriban 6.87, yaani asilimia 9 zaidi, na umeme ukipanda hadi 250 uzi hupata 7.16, ambazo zimevuka kikomo cha asilimia 10 ambacho watengenezaji wa valvu wengi waliweka. Joto likizidi, tabaka la oksidi hugeuka mvuke na kuisha mapema. Joto likipungua mno, nalo tabaka hilo hushindwa kutoa elektroni za kutosha na huharibika kwa njia nyingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutunza valvu katika kaunti hii ni kuhakikisha kwamba kichaguzi cha volti kimewekwa kwenye 240 au 245, kisha kupima volti za uzi huku redio ikiwaka.

Kukatika kwa umeme na kurudi kwake pia kuna athari, kwa kuwa uzi ukiwa baridi hupitisha mkondo mkubwa kuliko ukiwa na moto, na mshtuko wa kuwashwa ndio wakati ambapo nyuzi nyingi hukatika. Umeme ukipotea, ni vyema redio izimwe kwa swichi yake, na iwashwe baada ya umeme kurudi na kutulia. Nyumba zinazotumia nguvu ya jua zinahitaji kigeuzi kinachotoa wimbi laini la umeme, kwa sababu vigeuzi vya bei nafuu hutoa wimbi lenye kona linaloipasha moto transfoma ya redio na kuleta mvumo katika spika.

Dalili zinazoonekana na zinazosikika

Ukaguzi wa valvu huanza kwa macho. Ndani ya kioo, mara nyingi juu kabisa, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, ambalo ni bariamu iliyowekwa makusudi ili ifyonze hewa yoyote iliyobaki. Doa hilo likigeuka kuwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na valvu hiyo imekufa bila shaka yoyote. Kingo za doa kupata rangi ya kahawia, au doa kupungua kidogo, si ushahidi wa kifo. Mwanga wa buluu unaotanda juu ya ukuta wa kioo cha valvu ya nguvu nao hauna madhara, kwani hutokana na elektroni zinazogonga kioo. Lakini ukungu wa zambarau au waridi unaojaa kati ya sehemu za ndani ni dalili ya gesi, na valvu yenye dalili hiyo iondolewe mara moja.

Dalili ya hatari kuliko zote ni anodi kuwa nyekundu. Anodi ya EL84 inaruhusiwa kutawanya joto la wati 12, na katika redio nyingi huwa tayari imekaribia kiwango hicho, hivyo haina nafasi ya kuvumilia mkondo uliozidi. Bamba likianza kuwaka rangi nyekundu, kifaa kizimwe papo hapo, kwa kuwa dakika chache zinatosha kuua valvu na kuunguza transfoma ya sauti. Dalili hiyo hata hivyo haisemi kwamba valvu ndiyo yenye kosa, kama itakavyoelezwa baadaye.

Kwa masikio, valvu ya mwisho iliyochoka hutoa sauti hafifu, besi iliyolegea, na mikwaruzo inapopandishwa sauti, na redio huchukua muda mrefu kuliko zamani kabla ya kuanza kusikika. Valvu ndogo iliyoharibika huleta miguno, milio ya ghafla au mvumo usiokoma. Ikigongwa taratibu kwa upande wa penseli huku kifaa kikiwaka, valvu nzima hutoa mlio mdogo au isitoe kabisa, ilhali ile yenye sehemu zilizolegea hulia kama kengele ndani ya spika. Katika amplifaya yenye pande mbili, kulia na kushoto, kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote: kifaa kizimwe, valvu zipoe, kisha valvu ya kulia na ya kushoto zibadilishane nafasi. Kasoro ikihama pamoja na valvu, valvu ina kosa. Kasoro ikibaki upande uleule, kosa limo kwingine.

Valvu isiyowaka nayo huhitaji kufikiriwa. Katika redio ambazo nyuzi zote hupata volti 6.3 kwa pamoja, iliyokatika hubaki na giza peke yake. Katika redio zenye valvu za jina linaloanza na herufi U, kama UCH81 na UY85, nyuzi zimeunganishwa kwa mfuatano na hupitisha mkondo mmoja wa miliampea 100, hivyo moja ikikatika zote huzimika, na ni kosa kudhani kwamba seti nzima imekufa. Kifaa kikiwa kimechomolewa, mita huonyesha mara moja ni uzi upi uliokatika. Jicho la kijani linaloonyesha kituo kilichopatikana hufifia kwa sababu rangi yake ya ndani imechoka, lakini kufifia huko hakuathiri sauti hata kidogo, na kulibadilisha ni uamuzi wa uzuri tu.

Kupima badala ya kubahatisha

Mahali penye shaka, kipimo ndicho kinachoamua. Mafundi wa zamani walikuwa na mashine maalumu za kupimia valvu, kama zile za AVO za Uingereza, lakini mita ya kawaida inaweza kutoa jibu la kutosha kuhusu valvu ya mwisho, kwa sababu katika redio nyingi kathodi yake huunganishwa na bodi ya chuma kupitia rezista, yaani kizuizi cha mkondo chenye thamani maalumu. Kwa EL84 yenye volti 250, mwongozo wa mtengenezaji unaeleza rezista ya omu 135, mkondo wa anodi wa miliampea 48 na mkondo wa miliampea 5.5 wa gridi ya pili, ambayo valvu ya aina hii huwa nayo kati ya gridi ya kwanza na anodi. Jumla ya mikondo hiyo ikipita katika omu 135 hutoa volti 7.2 hivi kwenye kathodi.

Kwa hiyo fundi akipata volti 7, valvu ni nzima, hata kama ina umri wa miaka 60. Akipata volti 4.7, mkondo umeshuka hadi miliampea 35, ambazo ni asilimia 65 ya kiwango, na valvu imefika mwisho wa utumishi wake, mradi volti za anodi ni zile zinazostahili na rezista yenyewe haijabadilika thamani. Masharti hayo mawili ni muhimu, kwani valvu ya kunyoosha umeme, kama EZ80, ambayo hugeuza mkondo wa kwenda na kurudi kuwa mkondo wa upande mmoja, ikichoka hushusha volti za kifaa kizima na kuzifanya valvu nyingine zionekane dhaifu. Kanuni inayofaa ni kwamba valvu inayotoa chini ya theluthi mbili ya mkondo wake wa kawaida, katika volti sahihi, ibadilishwe. Inayotoa zaidi iachwe ifanye kazi na ipimwe tena baada ya mwaka.

Makosa yanayosingiziwa valvu

Valvu ni miongoni mwa sehemu chache za redio zinazochomoka kwa mkono, na kwa sababu hiyo hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Mkosaji mkuu ni kapasita ndogo inayopitisha sauti kutoka valvu ya kwanza kwenda kwenye gridi ya valvu ya mwisho, ambayo kazi yake ni kuruhusu sauti ipite na kuzuia volti za juu zisipite. Kapasita za karatasi na nta za miaka ya 1950 zimekwisha kuzeeka karibu zote, na zikivuja hutia volti chanya kwenye gridi, mkondo huongezeka, na anodi huwa nyekundu. Anayebadilisha valvu bila kubadilisha kapasita hiyo huiua valvu mpya kama alivyokufa mtangulizi wake. Kipimo chake ni chepesi: volti za gridi ya EL84 zinapaswa kuwa sifuri, na hata volti moja chanya inatosha kuifanya kapasita iwe mshukiwa wa kwanza, ambayo thamani yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya valvu.

Mvumo mzito unaosikika hata sauti ikiwa imepunguzwa kabisa mara nyingi hutokana na kapasita kubwa za kusafisha umeme ambazo zimekauka kwa joto, na mikwaruzo inayosikika mtu anapogusa valvu hutokana na vumbi na kutu katika soketi, ambavyo huondolewa kwa dawa ya kusafishia viunganishi na brashi laini. Kelele kali katika mawimbi ya kati siku hizi huletwa mara nyingi na chaja za simu, taa za LED na vidhibiti vya sola, na uthibitisho wake ni kuvizima kimoja kimoja na kusikiliza. Aidha, redio za Ujerumani za miaka ya 1950 zenye bendi ya FM ziliishia megahezi 100, kwa hiyo vituo vilivyo juu ya namba hiyo haviwezi kupatikana humo hata kama valvu zote ni mpya, na Milima ya Taita huyazuia mawimbi ya FM, ambayo husafiri kwa mstari ulionyooka, yasifike mabondeni. Ukimya wa namna hiyo hautibiwi kwa valvu.

Kubadilisha kwa usalama na kwa busara

Ushahidi ukikamilika na valvu ikathibitika kuwa imekwisha, kazi ya kuibadilisha inahitaji tahadhari. Ndani ya kifaa cha valvu mnaweza kuwa na volti 250 hadi 300 au zaidi, zinazoweza kuua, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huziondoa kupitia rezista na kuhakikisha kwa mita kabla ya kuingiza vidole. Redio zenye valvu za U ni hatari zaidi, kwa kuwa nyingi hazina transfoma ya kutenganisha umeme na bodi ya chuma, na bodi yenyewe huweza kuwa na umeme wa ukutani. Mtu asiye na ujuzi huo ataishia kwenye ukaguzi wa macho na masikio, na vipimo amwachie fundi anayevijua.

Valvu huondolewa ikiwa imepoa, kwa kuvutwa moja kwa moja kwenda juu bila kupindwa, na jina lake husomwa kabla halijafutika, kwani maandishi ya valvu za zamani hutoka kwa kuguswa tu. Katika amplifaya ambamo valvu mbili hufanya kazi kwa kupokezana, zote mbili hubadilishwa pamoja kwa jozi iliyopimwa na kulinganishwa, kisha mkondo hurekebishwa ikiwa kifaa kina kirekebishi. Valvu ndogo hubadilishwa moja moja. Kuweka daiodi ya silikoni, yaani kifaa kidogo kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, mahali pa valvu ya kunyoosha umeme bila marekebisho mengine hakufai, kwa sababu hupandisha volti kupita kiwango ambacho kifaa kilibuniwa kukivumilia.

Kuhusu upatikanaji, aina za sauti zinazopendwa, kama ECC83, EL84 na EL34, bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na mtu wa Voi huweza kuziagiza kupitia wauzaji wa Nairobi au Mombasa au moja kwa moja kutoka ng'ambo. Aina za redio, kama ECH81 na EABC80, hutoka katika akiba za zamani ambazo hazikuwahi kutumika, au katika redio zilizokufa kwa sababu nyingine. Kwa hiyo redio mbovu isiuzwe kama chuma chakavu kabla valvu zake hazijatolewa na kupimwa, na kila valvu iliyo nzima ihifadhiwe katika kasha lenye jina lake na kipimo chake.

Mwenye redio ya valvu katika Taita Taveta anashauriwa afuate mpangilio mmoja kila mara: athibitishe volti za umeme, asafishe vumbi na soketi, abadilishe kapasita iliyovuja, apime mkondo, na mwishowe tu ndipo anunue valvu. Akiufuata mpangilio huo atagundua kwamba valvu nyingi zinazodhaniwa kufa bado zina miaka ya kazi mbele yake, na chache zilizokufa kweli atazitambua bila kubahatisha na bila kupoteza shilingi yake.